Nyama ya Kuangalia

Ijumaa, tarehe 14 Julai 1995. Likasi iliamka na baridi kavu ya kiangazi. Moshi wa makaa ulikuwa umelala juu ya mabati, hautaki kupanda, na jua lilitoka jeupe kama sahani ya enameli iliyosuguliwa kwa majivu. Symphorien alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda tangu giza. Alimshukuru Mungu kwa uzima, akamshukuru kwa lori, akamshukuru kwa Marcelline, akamshukuru kwa nyama, kisha akarudi tena kwa Marcelline maana aliona hapo hajamaliza. Alipofika kwenye amina alikuwa anacheka peke yake.

Alikuwa na haki ya kucheka. Zamani Symphorien alifanya kazi kwenye tanuru la kiwandani. Kiwanda kiliponyamaza, alijenga tanuru lake dogo nyuma ya nyumba, akawa anayeyusha vipande vya alumini, anavimimina kwenye mchanga, anatoa masufuria. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki zamani. Na katika kwaya ya kanisa, mstari wa mbele, palikuwa na Marcelline, mwanamke wa sauti nyembamba na kicheko kinene, ambaye yeye mwenyewe alikwisha kusema ndiyo. Lakini Marcelline alisema pia kwamba hana baba. Baba yake ni kaka yake Ambroise, na bila neno la Ambroise hatoki kwao, hata Symphorien alie machozi ya alumini.

Ambroise naye hakuweza kushuka mjini. Alikuwa mlinzi wa kambi moja ya mahema, mbali kaskazini, juu kwenye uwanda wa majani, mahali ambapo Wazungu walikuwa wakija kupumzika na kutazama pori. Wazungu walikuwa wameondoka baada ya uporaji wa askari mijini, mwenye kambi akaondoka nao, wapishi wakatawanyika, Ambroise akabaki. Marcelline alikwenda huko mwanzo wa kiangazi kumpikia na kumsemea mchumba wake. Halafu, siku chache kabla ya Ijumaa ile, Rolly, dereva wa lori la samaki, akaleta ujumbe wa mdomo. Aliutoa mbele ya kwaya nzima, neno kwa neno, jinsi Ambroise alivyoutamka: "Mwambie Symphorien akuye na bantu yake. Tutabaonyesha nyama, kisha tutasema."

Kwaya ilipiga vigelegele. Mtu akikuita kwake ukamwone dada yake, na akikuandalia nyama kabla ya mazungumzo, basi mazungumzo yamekwisha. Kilichobaki ni kutafuna. Na nani katika kwaya ile alikuwa bado anakumbuka ladha ya nyama? Walikuwa wanakula bukari, yaani ugali, kwa sombe, majani ya mihogo, na siku ya furaha bukari kwa samaki wadogo. Wote walijua kwamba Wazungu walikuwa wakienda kule kuwatazama wanyama. Lakini Wazungu hawapo tena, na mtu mwenye akili atamtazama mnyama ili iweje?

Basi maandalizi yakaanza. Symphorien alimimina sufuria kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza, sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Kila nyumba ya kwaya ikaleta kikombe chake cha chumvi, ili nyama itakayobaki ikaushwe na kuletwa Likasi kwa ajili ya wote. Chumvi ile ilijaza nusu gunia. Adrien, rafiki yake wa tangu kiwandani, mwimbaji wa besi na mtani asiyechoka, alinoa kisu chake mpaka akaweza kujitazama meno ndani yake.

Walipanda lori wakiwa watatu: Symphorien, Adrien, na Mama Hélène, kiongozi wa kwaya, aliyechaguliwa kuwa msemaji. Desturi ni hiyo, siku ya kubisha mlango wa wakwe, mchumba hukaa kimya kama mzigo na mwingine humsemea. Mama Hélène alimkumbusha jambo hilo kabla hata hawajafika Mulungwishi. Akamwambia akifungua kinywa chake kwa kitu kingine zaidi ya kula, atamkana mbele ya watu.

Njia yote ilikuwa sherehe. Baridi iliwachapa masikio, vumbi likawafanya wote kuwa rangi moja, na sufuria ile kubwa ilidunda nyuma ya lori ikilia kama kengele ya kanisa. Adrien aligeuza mlio ule kuwa mdundo, Mama Hélène akatoa wimbo, Rolly akaitikia kwa honi. Waliwapungia watu wenye baiskeli, waliwapungia wanawake wenye mihogo kichwani, waliwapungia hata mbuzi. Kisha barabara ikapanda, miti ikapungua, na ghafla dunia yote ikawa majani ya rangi ya dhahabu yanayolala na kuinuka kwa upepo, na mbingu juu yake kubwa kupita kiasi. Moyoni Symphorien alimwambia Mungu kwamba hapa amepita kipimo.

Kambi ilikuwa mahema matano ya kijani yaliyopangwa kwa mstari, yakitazama bonde. Mbele yake alisimama Ambroise, mrefu, mkavu, amevaa suti nyeupe ya kazi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe. Mikononi alishika sinia yenye vikombe vya chai ya mchaichai. Hakuwaita shemeji wala ndugu. Aliinama kidogo akawakaribisha "bageni", akampa kila mmoja kikombe, hata Rolly ambaye alikuwa na haraka ya kuendelea ziwani kufuata samaki na kurudi keshokutwa asubuhi.

Marcelline alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake kwa heshima, macho chini. Aliyainua mara moja tu. Akaiona sufuria ikishushwa na watu wawili, akaliona gunia, akaona kisu kwenye mkanda wa Adrien. Akaweka mkono mdomoni, akageuka, akaenda nyuma ya jiko, na kutoka huko walisikia kitu kama kuku aliyekamatwa. Mama Hélène alisema kwa kuridhika kwamba ni aibu ya bibi harusi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mlango. Mama Hélène alikuwa amekariri maneno ya kubisha, na maneno hayo yanaanza kwa kugonga mara tatu. Lakini hema halina mlango, lina zipu. Aligonga turubai likanywea bila sauti. Aligonga mti wa hema, hema zima likatetemeka. Mwishowe Adrien alipiga sufuria mara tatu kwa ngumi, na Ambroise akaitikia kwa adabu kutoka ndani, ingawa shavu lake lilikuwa limeanza kucheza kwa kicheko alichokibana. Aliyasikiliza maneno yote ya Mama Hélène mpaka mwisho. Kisha akasema maneno hayo ni mazuri, yeye ameyapokea, lakini atajibu akishawaonyesha nyama. Kwanza wale, walale.

Wakala. Ilikuwa bukari na maharagwe. Mama Hélène aliomba sala ndefu ya shukrani, akashukuru pia, kwa sauti ya juu kidogo, kwa ajili ya kile ambacho bado hakijafika mezani. Hakikufika. Adrien alivumilia mpaka sahani ilipobaki nyeupe, ndipo akamwita yaya, kama kaka mkubwa, akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza habari ya mgonjwa.

"Yaya Ambroise, na ile nyama?"

Ambroise alinyoosha mkono kuelekea bondeni. "Itakuya asubui. Yenyewe, na miguu yake."

Wageni walitazamana kwa furaha isiyo na mfano. Mnyama mzima, mwenye miguu. Adrien alitoka nje kunoa kisu tena. Usiku ule Mama Hélène alilala juu ya blanketi, siyo chini yake, kwa sababu shuka zilikuwa nyeupe mno na aliogopa kuzikasirisha. Adrien alijifungia kwa zipu, akashindwa kujifungua, akabaki anaimba besi ndani ya hema ili ajulikane yuko hai, mpaka Symphorien alipokuja kumkomboa. Walicheka mpaka machozi, wakaombana msamaha, wakacheka tena.

Alfajiri Ambroise alipita akigonga kikombe kwa kijiko. Mbele ya mahema alikuwa amepanga viti vya turubai kwa mstari, kila kimoja na blanketi lake. Baridi ilikuwa inauma na majani yalikuwa meupe kwa umande. Symphorien aliketi na sufuria kati ya miguu yake. Adrien alikaa kando yake, kisu mapajani. Mama Hélène alikuwa amefunga kitambaa cha jikoni kiunoni.

Nao wakaja. Walitoka kwenye ukungu wa bondeni, punda milia, kundi zima, wakitembea taratibu, mvuke ukiwatoka puani, milia yao ikiingiliana mpaka macho ya mtu yakapotea. Walifika kwenye kiwanja cha udongo mtupu karibu na kambi. Wakainamisha vichwa, wakalamba udongo kidogo, wakaulamba tena. Kisha, kama watu waliokuta duka limefungwa, wakageuka wakaondoka.

Ambroise alikuwa amesimama nyuma ya viti, mikono mgongoni. "Njo ile nyama," alisema, yaani ndiyo hiyo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake.

Kisha Adrien akainama mbele, akatazama bonde lililobaki tupu. "Imeenda," alisema. "Yaya, nyama imeenda. Nani anaikamata?"

Huku kwetu neno ni moja tu. Kinachokimbia porini ni nyama, na kilichomo sufuriani ni nyama. Ambroise alikuwa ameishi na ya kwanza miaka mingi mpaka akasahau ya pili. Watu wa Likasi walikuwa wameikosa ya pili mpaka wakasahau ya kwanza. Sasa aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayesoma. Aliona kisu. Aliona kitambaa kiunoni. Aliona sufuria, na kandoni mwake gunia la chumvi, nalo akalifungua kwa vidole viwili kuhakikisha. Shavu lile lililokuwa likicheza jana likasimama.

"Minye nilisema kuonyesha," alisema polepole. "Nilita bageni. Kumbe nilita bachinjaji."

Aliongeza machache tu. Kwamba lori litarudi kesho asubuhi, nao watapanda. Kwamba dada yake hataolewa na mtu aliyekuja kwake na kisu akimtazama punda milia kama kitoweo. Kisha akakusanya mablanketi, akayakunja moja moja kwa pembe zilizonyooka, akaenda.

Symphorien alihisi dunia ile kubwa inamwangukia. Kesho lori, na baada ya lori ni nyumba yake peke yake na tanuru lake, na Marcelline ambaye hatavuka neno la kaka yake kamwe. Aliingia hemani, akapiga magoti. Alimwambia Mungu tu kwamba sufuria ni yake, aibu ni yake, basi amwonyeshe njia ya kutokea, hata kama ina zipu.

Alipotoka, Marcelline alikuwa anamngoja. Leo hakucheka, au alijaribu kutocheka. Alimwambia kwamba kaka yake hufua shuka za mahema yote kila Jumatatu, na kila baada ya wiki mbili hupiga pasi suti ile, tangu mwenye kambi alipoondoka. Mpaka jana hakuna mtu aliyezilalia shuka hizo hata siku moja.

"Weye njo mugeni wake wa kwanza," alisema. "Na ulikuya na sufuria ya kupika batoto yake."

Pale alishindwa, akacheka, na Symphorien katika huzuni yake yote akacheka naye, wakashikana mabega ili wasianguke. Ni katika kucheka kule ndipo macho ya Symphorien yalipotua kwenye kile kiwanja cha udongo. Aliuliza kwa nini punda milia wanalamba mahali patupu. Marcelline akamweleza kwamba zamani palikuwa na chumvi pale. Mwenye kambi alikuwa akiileta kwa magunia, na nyama zote za bonde zilikuwa zikija, zikikaa mpaka jua lipande, na wageni wakizitazama wakinywa chai. Chumvi iliisha. Nyama bado zinapita kila asubuhi kuuliza, kisha zinakwenda zao. Ambroise huona aibu mbele yao, kama mwenye hoteli asiye na chakula.

Symphorien aligeuka taratibu akalitazama gunia.

Lakini chumvi ile haikuwa yake. Ilikuwa vikombe vya kwaya nzima, vya watu waliokuwa wakingoja Likasi huku wakimeza mate. Alimwendea Mama Hélène, ambaye kikombe chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote, akamweleza kwa kigugumizi. Mama Hélène alikuwa amekaa kitandani, sasa juu ya shuka kabisa, maana kama ni kufukuzwa, afukuzwe amelala vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ile chumvi tulitoa ju ya nini?"

"Ju ya nyama, Mama."

"Basi uipe nyama," alisema Mama Hélène. "Njo yake."

Symphorien alikwenda kwanza kwa Ambroise kuomba ruhusa, maana mgeni hamwagi kitu kwenye kiwanja cha mwenyeji. Ambroise alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Hakuinua kichwa, ila alisema kiwanja hakijafungwa kwa mtu. Mchana wote walifanya kazi. Walichota maji mtoni, wakayamimina kwenye sufuria ile kubwa, wakakoroga chumvi kwa mwiko wa bukari, wakainyunyiza juu ya udongo. Adrien aliuzungusha mwiko akiimba, akisema katika maisha yake hajawahi kumpikia mtu ambaye alitaka kumla. Chumvi iliyobaki kavu waliitia ndani ya sufuria, wakaiacha katikati ya kiwanja. Ambroise alipita mara moja kwa mbali. Alipita tena, karibu zaidi, akasema bila kuwatazama kwamba upande wa kushoto udongo bado umekauka.

Asubuhi ya pili hakugonga kikombe. Waliamka wenyewe, wakaketi, kila mtu akijifunika kimya. Rolly alifika na lori lake la samaki, akazima mota mbali alipoona ishara ya Marcelline, akaja kwa miguu akiuliza kwa mikono kuna nini.

Punda milia walikuja wakitazamia kupita. Wa kwanza alilamba, akasimama. Akalamba tena, masikio yakasimama yote mawili. Kisha kundi lote likainama, mabega kwa mabega, na kelele za ndimi zikasikika mpaka kwenye viti. Nyuma yao ukungu ulifunguka wakatoka pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, na ngozi zao zikining'inia shingoni, nao wakajipangia nafasi kwa pembe bila ugomvi mwingi. Punda milia mmoja mdogo aliingiza kichwa chote ndani ya sufuria. Alipojaribu kukitoa, sufuria ikaja naye. Akaruka, ikaanguka, ikalia kama kengele ya misa kuu. Kundi lilitawanyika hatua chache, likatazama, na kwa kuwa chumvi ilikuwa tamu kuliko woga, likarudi. Mdogo yule alirudi wa kwanza, pua yake nyeupe.

Adrien alikuwa ameuma blanketi ili asipige kelele. Mama Hélène alilia huku akicheka, akijifuta kwa kile kitambaa cha jikoni. Na nyuma ya viti, Ambroise, ndani ya suti yake nyeupe, alikuwa amekaa chini kwenye vumbi bila kujali mikunjo, akicheka kicheko kinene cha ukoo wao, kile kile cha dada yake, kilichokuwa hakijatoka tangu kambi ilipobaki kimya.

Jua lilipopanda na nyama zikaanza kuondoka kwa wakati zilioutaka zenyewe, Ambroise alisimama akajikung'uta. Alileta chai. Safari hii alianza na Symphorien, naye alimwita shemeji. Mama Hélène, aliposikia neno hilo, alisafisha koo ili ashukuru kwa niaba ya upande wa mume, kama desturi inavyotaka. Ambroise akamsimamisha kwa upole.

"Mama, ulisema muzuri. Sasa aseme ye mwenyewe. Hapa hakuna mulango, hatuna lazima ya mulinzi wa mulango."

Akamwambia Symphorien kwamba kwa dada yake haombi mbuzi wala nguo. Anaomba neno moja, nalo achague mwenyewe ni neno gani, lakini alitamke wote wasikie. Mama Hélène alimtazama Symphorien kwa macho makali, kisha macho yale yakalegea, akampa ruhusa kwa kichwa. Marcelline alikuwa amesimama kando ya kaka yake. Safari hii hakutazama chini.

Symphorien alisimama. Alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Minye, Symphorien," alisema, "mbele ya Mungu, mbele ya Yaya Ambroise na Mama Hélène, mbele ya Adrien na Rolly, na mbele ya ile nyama inaenda pale na chumvi yetu ku midomo: nitamuoa Marcelline mu kanisa, nitamuchunga. Na kila mwaka, baridi ikirudia, tutakuya hapa shiye wawili, na kwaya yote ikipata lori, tulale mu mashuka yako, bageni yako. Tutaleta chumvi. Sufuria inabakia kwao. Na nyama, Yaya, tutaiangalia tu."